Romana na Mbu wa Mwese

Mimi ni fundi cherehani. Baraza ninaloshonea ni la duka la Zubeda, hapa Shanwe, na mashine yangu inatazama moja kwa moja mlango wa Romana ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo msiniite mmbeya. Kama watu hawataki nione, wajenge kwingine.

Romana aliletwa mtaani kwetu kutunza mbu. Ndiyo, kutunza. Nyumba ile ilipangwa na mtafiti wa vinasaba, Dokta Mercy, ambaye maabara yake iko mbali, upande wa mashariki wa nchi. Romana alinieleza kazi hiyo siku moja huku namrefushia sketi. Dokta alikuwa anatengeneza mbu ambaye vimelea vya malaria vikiingia tumboni mwake havikui, na akizaa, watoto wake wanarithi tabia hiyo hiyo. Mbu wa maabara walikuwa wameshaipokea tabia hiyo. Sasa alitaka kujua kama mbu wa huku kwetu nao watapokea, na kwa ajili hiyo alihitaji mayai ya mbu wa huku waliozaliwa kizimbani, vizazi viwili mfululizo. Basi Romana alipanda bodaboda mpaka Mwese, akachota mabuu kwenye vidimbwi vya mabondeni, akarudi amepakata dumu kama mtu aliyetoka kujifungua.

"Sisi tunaomba Mungu wapungue, nyie mnawazalisha," nikamwambia.

"Mama Simon, wakikuzoea utawapenda," akasema. Nilidhani anatania.

Mbu wa Mwese wana maringo. Ukiwafungia kwenye kizimba cha chandarua wanakataa kupandana, wanakataa kutaga, wanakaa pembeni wamenuna mpaka wanakufa. Romana alianza upya mara nyingi hata nikaacha kumuuliza. Tena hawavumilii moshi wala dawa. Kwa sababu yao Romana alioga sabuni ya mche tu, hakupaka mafuta ya kunukia, alipikia nje hata mvua ikinyesha, na mgeni aliyetaka kuingia kwake ilibidi aoge kwanza. Nani anakubali kuogeshwa ndipo akaribishwe?

Zubeda alijaribu siku za mwanzo. Alivuka barabara na sahani ya vitumbua, kanga zake zimefukizwa udi kama kawaida yake. Romana akapokea sahani mlangoni, akamwomba radhi kwamba hawezi kumwingiza ndani. Zubeda alirudi dukani amevimba.

"Yule mama kaniambia nanuka."

"Atakuwa kasema unanukia," nikamjibu, lakini alikuwa ameshakasirika, na Zubeda akikasirika hata sukari anaipima kwa kishindo.

Wengine walimwepuka kwa woga. Mtoto akichemka mwili, mama yake alitazama mlango wa Romana kabla hajaenda dispensari. Romana alieleza mpaka akachoka: mbu wake wameletwa wakiwa mabuu, hawajawahi kumuuma mgonjwa, watatoa wapi vimelea? Watu waliitikia kwa kichwa, kisha wakapita upande wa pili wa barabara. Mwanawe, Maiko, yuko machimboni Geita, na simu zake ni za sikukuu. Mume alishafariki. Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, ili manukato ya wenzake yasimshike nguoni.

Kila jioni aliingiza mkono kizimbani akawaacha mbu wanywe, maana damu ya ng'ombe waliikataa. Siku moja, bila mimi kumuuliza, aliniambia kuna wiki inapita haguswi na kiumbe kingine chochote. Nikajifanya natafuta mkasi.

Halafu wakataga. Alivuka barabara asubuhi, amejifunga kanga ya kushindia, anacheka peke yake. Hakuwa na wa kumwambia zaidi yetu. Zubeda, ambaye bado alikuwa amemnunia, akamtazama huku anafunga kilo ya mchele.

"Sasa hapo tuseme hongera au tuseme pole?"

"Semeni hongera," Romana akajibu, na mimi nikasema.

Mayai yale yakawa mabuu, mabuu yakawa mbu, na mbu hao wakaanza kunywa damu. Kilichobaki kilikuwa watage na wao, dokta atume gari kuchukua mayai hayo, wajukuu wa wale wa Mwese. Siku hizo hizo ikaja simu kutoka Litapunga: mama yake Romana, bibi Suzana, amefariki.

Dokta alimpa pole na kuahidi kumtuma kijana wa maabara aje ashike zamu, ila mvua zilikuwa zimekata barabara na hakuna aliyejua atafika lini. Romana alisimama katikati ya barabara na begi lake, anatazama nyumba, anatazama njia ya stendi. Kisha akaja barazani. Nilidhani anakuja kwangu. Akanipita.

"Mama Iman," akamwambia Zubeda, "sina mtu mwingine."

Zubeda aliweka mizani chini. Hasira yote ilimtoka, mimi niliiona ikimtoka.

"Niambie nifanye nini."

Akaambiwa: uoge sabuni ya mche, usijipake kitu, uwabadilishie pamba ya maji ya sukari, na chumba cha mbu kisiingie udi wala moshi wala dawa. Sijapata kuona mtu akitii namna ile. Zubeda aliacha udi hata kwake. Dukani alikuja kavu, hanukii chochote, mpaka mumewe Mustapha akaniuliza pembeni kama kuna ugonjwa anafichwa. Asubuhi na jioni alivuka na pamba zake, na akirudi alitoa taarifa kwamba wazima, wamekula, mmoja kanitazama vibaya.

Kijana wa maabara hakufika, mpaka tukasikia Romana yuko njiani anarudi. Sasa sisi hapa, mtu aliyetoka kuzika hatumwachi aingie kwenye nyumba ya baridi peke yake. Watu wanatangulia, wanafagia, wanapika, wanakaa, ili akifungua mlango akute sauti. Hili halifundishwi. Zubeda alilisimamia mwenyewe. Alipiga deki, akapika wali na maharage, akaazima viti kwa jirani, akatuita. Akawasha udi sebuleni, kwa sababu kwao nyumba ya mfiwa haikai bila udi. Akawasha na ile dawa ya mbu ya kuchoma, chini ya viti, wageni wasiumwe.

Wala hakusahau alichoagizwa. Aliambiwa chumba cha mbu kisiingie moshi, na alikifunga. Alilowesha kanga, akaikunja, akaziba chini ya mlango barabara. Ila nyumba zetu mnazijua. Ukuta wa chumba haufiki kwenye bati. Juu kulikuwa na dari la chandarua tu, na moshi haujui mlango.

Romana alifika jua likiwa bado lipo. Alifungua mlango akatukuta tumejaa: Marsela wa jumuiya yake ya kanisani, mama wa dispensari, hata wale waliokuwa wakipita upande wa pili. Tukasimama wote. Zubeda akamkumbatia kwa nguvu, na wengine wakafuata, mmoja mmoja. Nilimwona Romana amefumba macho. Kisha nikaona pua yake inacheza, akafumbua.

Alisema anaweka begi. Nilimfuata na maji ya kunawa, ndiyo sababu niliona. Sakafu ya kizimba ilikuwa imetapakaa mbu kama majani ya chai yaliyomwagika. Lakini si wote. Wachache walikuwa bado wameng'ang'ania chandarua, wanatikisa miguu. Chumba hakina dirisha la kufunguka. Kuwatoa kulitaka njia ya sebuleni, na kwanza sebule itolewe moshi: udi uzimwe, dawa itupwe nje, milango iachwe wazi, watu watoke.

"Niwaambie?" nikamnong'oneza.

Aliwatazama mbu. Sebuleni Marsela alikuwa ameanzisha wimbo wa kumwombea marehemu, na Zubeda, Mwislamu yule, anaufuatisha mdomo umefungwa. Romana alisikiliza. Akanawa mikono yake polepole, akafunga mlango, akarudisha kanga mahali pake kwa mguu.

Alikaa katikati yetu. Zubeda alimshika mkono huu, Marsela ule. Alitusimulia mama yake alivyokuwa mkali wa kazi za shamba, alivyomchapa hata baada ya kuolewa, na tukacheka, naye akacheka. Alikula wali akaongezewa. Alilia sana pia, na kila alipolia kulikuwa na bega karibu. Hakuna aliyemharakisha na yeye hakumharakisha mtu, mpaka wa mwisho akaaga kwa hiari yake.

Asubuhi alimpigia dokta. Dokta akasema wataanza upya. Na safari hii, akasema, asiingie mtu hata sebuleni.

Ndipo Romana akaja barazani, macho yamevimba, akamweleza Zubeda yote. Zubeda alikaa juu ya gunia la mchele. Aliomba msamaha, akaurudia, akajilaani, na mimi nikaacha kushona. Kisha akili ikamrudia, akauliza, na sauti yake ilikuwa na kilio ndani yake.

"Lakini si unasema ulipoingia wengine walikuwa bado hai? Mbona hukusema, mama Maiko? Tungetoka wote pale pale."

Romana alikuwa ameshika begi tayari kwa safari ya Mwese.

"Jana nilikuwa na wageni," akasema.