Kazi ya Mama Mdogo

Baba mdogo ni kinyozi, na jina lake la mtaani ni Redio. Aliyempachika jina hilo alikuwa na utani uliopitiliza, maana baba mdogo ana kigugumizi tangu utotoni. Neno "karibu" alikuwa analianza mteja akiwa mlangoni, likaja kumalizika mteja ameshakaa na kufungwa kitambaa shingoni. Lakini kunyamaza? Thubutu! Aliongea akinyoa, aliongea akifagia nywele, na akibaki peke yake aliongea na kioo.

Chumba cha pili cha duka lake la kunyolea, nyuma ya pazia, mke wake alikuwa akisuka wanawake. Huyo ndiye mama mdogo. Baba mdogo akikwama na neno, mama mdogo analimalizia kutoka huko huko.

"Leo nimeamka na ki-ki-ki..."

"Kikohozi!"

"Kiuno! Kiuno ki-kinauma, mwanamke. Nikamwambia yule mwenye nyu-nyu..."

"Nyumba! Asubiri mwisho wa mwezi!"

Wala hakuacha kusuka. Wateja walikuwa wanacheka mpaka baba mdogo anawakanya watulie, asije akawakata sikio.

Mwenyewe anadai mama mdogo ndiye aliyemtongoza. Eti siku hiyo alisimama mbele yake, jasho linamtiririka, akaanza, "Na-na-naku..." na binti wa watu, kwa haraka zake, akamalizia, "Unanipenda, nimeshasikia, kalete wazee." Baba mdogo hakuacha kumchokoza kwa hilo: "Mimi ni-nilikuwa nataka kusema nakuomba ma-maji!" Mama mdogo anamtupia chanuo, na chanuo huwa linampata.

Kisha baba mdogo akapata uvimbe wa kooni. Madaktari walimpasua, wakautoa, wakalazimika kuondoa na pale sauti inapotokea. Akapona, tunamshukuru Mungu, ila sauti haikurudi. Mteja mmoja akaleta mzaha kwamba redio imeishiwa betri. Mimi niliyekuwa nikiwasaidia pale dukani nilimkata jicho hilo, akalipa akaondoka bila kupakwa mafuta.

Sasa binti yao, mdogo wangu huyo, anafanya kazi na kompyuta kwenye kampuni fulani. Alipokuwa masomoni mbali, baba yake alikuwa akimtumia jumbe za sauti kila siku, ndefu kweli kweli kwa sababu ya kigugumizi, na mtoto hakufuta hata mmoja. Akazichukua zote, akaifundishia ile akili bandia inayozungumzwa kila mahali, mpaka ikaweza kuongea kwa sauti ya baba yake. Kwa mapenzi ya mtoto kwa mzazi, akakitoa kigugumizi chote. Na hakuishia hapo. Ile mashine ilisoma jinsi baba mdogo anavyozungumza, kiasi kwamba akiandika maneno mawili kwenye simu, yenyewe inabuni yaliyobaki na kuyatamka.

Siku ya kuijaribu tulijazana sebuleni kwao. Baba mdogo akaandika kidogo, akabonyeza.

"Hamjambo nyote," simu ikasema. "Mimi ni Redio, na nimerudi hewani."

Lo! Ilikuwa sauti yake hasa, na ule ukwaruzo wake, ila imenyooka kama ya msoma habari. Watu walipiga kelele. Baba mdogo akaketi chini sakafuni, mtu mzima, akalia. Maisha yake yote alikuwa anatamani kuisema sentensi moja mwanzo mpaka mwisho. Nami nililia, sina haya kusema. Mama mdogo peke yake ndiye aliyeinuka, akasema ameacha sufuria jikoni. Nilimfuata kumsaidia. Jiko lilikuwa limezimwa.

Dukani sasa ikawa raha tupu. Wanaume walikuwa wamekalia ubishi wa akili bandia kila siku. Dereva anasema magari yatajiendesha, yeye atakula wapi. Mwalimu anasema wanafunzi wanaiandikisha insha, hawafikiri tena. Mwingine anaapa kwamba hizi mashine zitatutawala na tutazipigia saluti. Baba mdogo anabonyeza simu: "Mimi imenirudisha kazini, ninyi tulizeni vichwa niwanyoe." Watu wanavunjika mbavu. Nyuma ya pazia, kimya.

Na nyumbani kimya vilevile. Simu ikisema, "Mke wangu, chakula kitamu leo," mama mdogo anaokota sahani anaondoka. Akimwita kwa mkono, anakuja. Akimwita kwa simu, haji. Siku moja baba mdogo aliniita kwenye kona ya duka, akanigeuzia simu nisome. Hakuibonyeza iseme. Alikuwa ameandika: "Mwanangu, mke wangu amenichoka?"

Nilipandwa na hasira hizo! Nikapita pazia, nikamkuta mama mdogo anatoa nywele kwenye machanuo, hana mteja. Nikamtolea uvivu.

"Mama mdogo, mwenzako amepata sauti, wewe umenuna. Kwani kakukosea nini?"

Hakuniangalia. "Wewe umewahi kufukuzwa kazi?"

"Nani amekufukuza? Si kiti chako hiki?"

"Sisemi kusuka." Akaweka chanuo chini. "Hao huko mbele wanalia kutwa kwamba mashine zitawanyang'anya kazi. Mimi imeshaninyang'anya, na hakuna aliyenipa pole. Hicho kisimu kinajua anachotaka kusema kabla sijajua mimi. Na hakikosei! Mimi nilikuwa nakosea, ananisahihisha, tunacheka, siku inakwenda. Sasa nibaki nyuma ya pazia nangoja nini? Ongea wewe, maana mume wangu hakwami tena."

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu mengi. Nikamshika mkono tu, nikageuka kuondoka, na hapo kwenye pazia nikagongana na baba mdogo, mashine ya kunyolea inanguruma mkononi. Alikuwa amesikia. Yule dereva alikuwa bado kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, anauliza kuna nini.

Jioni hiyo tulikula kwao. Kabla chakula hakijaletwa, baba mdogo aliandika maneno machache kwenye simu, akamkabidhi binti yake asome. Binti akashtuka.

"Niizime? Baba, huko kukumalizia maneno ndiko kulikonichukua muda kuliko vyote!"

Baba mdogo akampapasa kichwa kama zamani alipokuwa mdogo, kisha akagonga simu kwa kidole: zima. Binti akaizima sehemu hiyo ya kubuni, sauti akaiacha.

Tulipoanza kula, baba mdogo akaandika, akabonyeza.

"Mke wangu, hizi mboga leo umezitia..."

Kimya. Tukaiangalia simu. Mama mdogo akasubiri, kijiko kimesimama hewani. Baba mdogo anatafuna taratibu, anajifanya hamnazo.

"Nimezitia nini?" mama mdogo akafoka. "Chumvi? Chumvi ni ileile ya siku zote!"

Baba mdogo akatikisa kichwa.

"Kitunguu?"

Akatikisa tena.

"Pilipili basi! Huyu mtu ataniua! Nimezitia nini?"

Mabega ya baba mdogo yalikuwa yanatikisika. Hicho ndicho kicheko chake siku hizi, hakina sauti. Mama mdogo akamtazama, akaitazama simu iliyonyamaza mezani, akamtazama tena, na nikaona uso wake unafunguka kidogo kidogo. Alikuwa ameelewa. Binti yao naye aliacha kula.

Baba mdogo akapangusa vidole, akaandika polepole. Hakuandika mengi. Akabonyeza.

"Naku..." ikasema simu, ikaishia hapo.

Mama mdogo aliinuka, akaingia jikoni. Nikajua ameudhika tena, na binti alikuwa ameanza kumfuata. Lakini alirudi mwenyewe, amebeba glasi ya maji imejaa pomoni, akaitua mbele ya mumewe kwa kishindo.

"Haya, kunywa," akasema, machozi yanamtoka, "miaka yote hiyo na kiu!"

Baba mdogo aliyanywa yote, anacheka, mengine yanamwagika kifuani.