Boti Iliyokonda Alfajiri

Rafiki yangu, dalali wa mifugo, alikuwa na sheria moja ya kununua ambayo sikuwahi kumwona akiivunja: mnyama hatazamwi mchana. Mchana, alisema, kila mbuzi ni mnene. Mwenye kuuza amemlambisha chumvi, akampeleka majini, na tumbo unalolipapasa ni tumbo la maji. Ukitaka kumjua mnyama nenda alfajiri, kabla hajanywa. Kwa sheria hiyo alikuwa amenunua ngamia, ng'ombe na, kama alivyonisimulia, pikipiki. Baada ya mafuriko alinunua kwayo boti ya mpira, na mimi nilikuwepo.

Nilifika Garissa na mitungi miwili ya hewa. Shule niliiacha darasa la saba, si kwa ubaya, ila kulikuwa na lori linaondoka na nilitaka kujua linakwenda wapi. Tangu hapo nimepakia mkaa, nimeshika tochi kwa fundi wa friji hadi Liboi, na mwishowe nikapata kazi Pwani kwa mtu aliyekuwa akipeleka wageni kuzamia. Yangu ilikuwa kubeba mitungi. Nilipochoka kubeba nikauliza inafanyaje kazi, nikaonyeshwa, nikaanza kuzama mwenyewe. Biashara ilipokufa, yule bwana alinipa badala ya mshahara mitungi miwili iliyojaa, kipumulio na mkanda wa vipande vya risasi, ile metali nzito, wa kumzamisha mtu. Nilivibeba kama mtu anayebeba vyeti.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari aligonga mtungi mmoja kwa ufunguo.

"Hii ni gesi ya kupikia?"

"Hapana, afande. Ni hewa."

"Hewa gani?"

"Hii ya kawaida."

Akaifikiria. "Kwa hivyo unatoa hewa Pwani unapeleka Garissa."

"Ndiyo."

"Garissa kumekosa hewa?"

Nikamweleza kwamba ni ya kupumulia chini ya maji. Akatazama nyika upande wa kulia wa barabara, akatazama ya kushoto, kisha akanirudishia kitambulisho changu kwa upole ambao sikuutarajia.

Nilipanga chumba mtaa wa Galbet, katika boma la yule dalali. Aliishi peke yake, jambo ambalo si la kawaida kwa mtu mwenye sufuria nyingi kiasi kile. Sababu niliipata siku ya pili. Mama mkwe wake alikuwa na shamba kando ya mto, vitunguu na tikiti na migomba kidogo, na mashine ya kuvuta maji iliyofungwa kwenye fremu ya chuma ukingoni. Mto ulipoanza kupanda alimtumia mkwe ujumbe aje aivute juu. Mkwe akajibu kwamba atakuja baada ya siku ya mnada. Mto haukungoja mnada. Ukingo ulimeguka na mashine ikaondoka nao. Mke akaenda kumfariji mamake, akabaki huko, akatuma neno kwamba atarudi mashine ikirudi.

Maji yalikuwa yameshuka, jua limerudi kazini, na miche mipya ya vitunguu ilinyweshwa kwa madumu yaliyobebwa na punda. Majani yalikuwa yameanza kuwa ya njano. Dalali alikuwa anakula hotelini na kufua kikoi chake mwenyewe, na vyote viwili vilionekana. Walikuwa wamejaribu kuvuta mashine kwa ndoano na kamba. Walivua tawi na godoro.

Dalali akaja akakaa mbele ya mitungi yangu, akaniita ndugu kwa Kisomali.

"Walaal, hii inakuweka chini ya maji muda gani?"

"Inategemea woga."

"Wewe uko na woga mingi?"

"Wa kutosha. Lakini tutahitaji boti."

Nikamweleza. Ukingo ulikuwa umekatika wima, mtu hawezi kuingia wala kutoka kwa miguu, na mto una mamba. Boti ya mzamiaji lazima mashavu yake, ile mipira ya hewa ya ubavuni, yawe chini, maana mtu anapanda kutoka majini akiwa na mtungi mgongoni na risasi kiunoni. Chini iwe na mbao, mtungi usitoboe mpira. Iwe na kamba ya kushika kuizunguka, na hewa iwe imegawanywa vyumba vyumba, ili kimoja kikifa vingine viishi. Na iwe ya kubebwa na watu wawili. Alinisikiliza kama anavyosikiliza bei ya kwanza.

Mjini kulikuwa na boti mbili za kuuzwa, zote za kijana mmoja mwenye uwanja hapo hapo Galbet. Wakati wa mafuriko, barabara ilipokatika ng'ambo ya daraja, alivusha nazo abiria. Sasa alikuwa amezipanga pamoja na mahema aliyokuwa akiyauza. Moja ilikuwa ya rangi ya machungwa, nene, mashavu kama mapipa. Nyingine ya kijivu, nyembamba, yenye mbao chini na kiraka kimoja. Nilimwomba azijaze zote mchana na kuziacha zilale zimejaa, kwa sababu mpira unaovuja hauwezi kuficha siri usiku kucha. Dalali aliipenda hiyo. Alisema kumbe hata mimi nilifundishwa na mtu.

Tulikwenda baada ya swala ya alfajiri. Ile ya machungwa ilikuwa imejaa pomoni. Ukiipiga inalia kama ngoma. Ya kijivu ilikuwa imelegea, ina makunyanzi. Nikaibonyeza, kidole gumba kikazama hadi mwisho wa ukucha.

"Hii amekonda," dalali alisema.

"Ni baridi. Hewa ikipata baridi inajikunja. Jua likitoka itajaa yenyewe."

"Hata ng'ombe yangu anapata baridi. Hakondi."

Nilizunguka ile nene. Kwenye uwanja wa Garissa kila kitu kina vumbi. Ile boti ilikuwa na vumbi, mahema yalikuwa na vumbi, kijana mwenyewe alikuwa nalo kwenye kope. Pampu ya miguu iliyokuwa kando ya boti haikuwa na vumbi. Mchanga chini yake ulikuwa umekanyagwa mahali pamoja, mara nyingi. Kijana alikuwa ameamka mapema kuliko sheria ya rafiki yangu.

Nilipoinua kichwa kusema, mikono ilikuwa tayari chini ya shali. Asiyewajua wauza mifugo wa huku aelewe hivi: bei haisemwi. Muuzaji na mnunuzi wanashikana mikono, shali inatupwa juu yake, na vidole ndivyo vinavyozungumza, hiki kikibanwa, kile kikikataliwa, huku nyuso zikitazama mahali pengine kama watu wanaongoja gari. Mikono ikiwa chini ya shali, mtu wa tatu hasemi. Hata mwenye moto kwenye nguo zake anatakiwa awe na subira.

Nilikohoa. Dalali akanitazama kama mtu ambaye simu yake imelia msikitini.

Shali ikatolewa, mikono ikapigwa, dua ikasomwa. Boti nene ikapakiwa kwenye mkokoteni wa punda, na njiani nikamwambia kuhusu pampu.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema wakati gani?"

Akawaza mwendo wa nyumba tatu hivi. "Kweli," akasema.

Mchana ule boti ilikaa uwanjani kwetu juani, ikafura hata mbuzi wakaja kujikuna kwayo. Dalali aliipiga kofi kila alipopita, akinitazama. Alfajiri iliyofuata ilikuwa imelala chini kama ngozi iliyoanikwa, na kuku amesimama katikati yake.

"Imelala," nikasema.

"Imekufa," akasema.

Tukairudisha. Kijana alikuwa amejitayarisha.

"Adeer, ami yangu, mimi nilikuuzia ikiwa imeshiba. Wewe umeilaza njaa. Na leo pia kulikuwa na baridi, muulize huyu mtaalamu wako."

Mtaalamu hakuulizwa. Dalali alikuwa amekwenda kwenye ile ya kijivu, iliyokuwa pale pale tulipoiacha. Vumbi juu yake lilikuwa laini, halijaguswa, isipokuwa alama ya kidole changu ya jana. Akabonyeza. Akaniita nibonyeze. Kidole kikazama hadi mwisho wa ukucha.

"Hii nani ameipa hewa?"

"Hakuna," kijana alisema. "Nani anaitaka?" Kisha akajishika mdomo, maana alisikia alichokisema.

Dalali aliikalia mashavu, polepole, kama anayejaribu kitanda. "Ananenepa mchana, anakonda alfajiri, lakini hajapungua. Wakati wote hajala kitu." Alikuwa anaongea na mimi, ila kwa sauti ya kumfikia kijana. "Mnyama anayefura siku moja ni wa kuuza. Anayekaa na njaa bila kupungua ni wa kuhama naye."

Mnyama mwenye kasoro iliyofichwa hurudishwa. Hiyo nayo ni sheria, na hapakuwa na wa kubisha, kwa kuwa kasoro ilikuwa imelala mkokotenini mbele ya majirani. Tukabadilishana. Dalali akachukua na pampu ya miguu. Kijana aliuliza hiyo ni ya nini.

"Ni ya aibu yako," akaambiwa, naye akakubali.

Shambani nilimwona mama mkwe kwa mara ya kwanza, mwanamke mrefu mwenye fimbo ambayo hakuiegemea. Kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Dalali alisimama hatua chache kutoka kwake akiangalia mto, naye mama akiangalia migomba, na mimi nikawekwa katikati.

"Mwambie mkwe wangu, hii boti yake imekonda."

"Mwambie eeddo ni baridi tu," dalali aliuambia mto, akimwita mama mkwe shangazi kwa heshima. "Jua likitoka itajaa."

Sikulazimika kurudia chochote, lakini walingoja hadi nikarudia.

Nikauliza kuhusu mamba.

"Yuko mmoja," mama alisema. "Mkubwa. Lakini si wa hapa. Ni wa kona ile."

Kona ile ilikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kuirushia kandambili.

Wanaume wa jirani walishika kamba mbili ukingoni, boti isichukuliwe na maji. Dalali alikaa ndani akiwa amejifunga madumu matupu kiunoni, kwa kuwa hajui kuogelea, akashika kamba iliyofungwa kwangu. Mke wake alikuwa amesimama juu ya tuta akifunga na kufungua pindo la mtandio wake. Hakumsalimia mumewe, ila aliyahesabu madumu.

Maji ya mto ule yana rangi ya chai ya maziwa. Nilifumba macho kwa sababu kuyafumbua hakukuwa na tofauti. Unazamia kwa mikono: tope, tawi, tope, sufuria ya mtu, tope. Mtungi wa kwanza uliisha bila chochote, tena upesi, nikajua kiasi cha woga nilichonacho. Nilipopanda kubadilisha mtungi, nilitazama miche ile ya njano, na watu wote wakawa wananitazama mimi, isipokuwa mama mkwe, aliyetazama migomba. Mtungi wa mwisho ulikuwa ndio hewa yote iliyobaki ya aina yake upande wetu wa nchi.

Niliipata mashine imelala ubavu, chini kidogo ya pale walipokuwa wakivua. Kwanza fremu, halafu gurudumu lake. Nilipitisha kamba nene mara mbili, nikafunga fundo, nikalijaribu. Ndipo kitu kikanipita mguuni. Kilikuwa kirefu na hakikuwa na haraka. Huenda lilikuwa gogo. Magogo yapo mengi mtoni. Sikukaa kulisalimia. Niliibuka, nikashika kamba ya ubavuni mwa boti, mashavu ya ile boti yakainama kidogo kunipokea, nikawa ndani na mtungi na risasi na kila kitu kabla dalali hajamaliza kuuliza kama nimeipata. Kwenye ile nene ningekuwa bado naning'inia nje kama nguo.

Mashine ilivutwa na punda watatu na wanaume wote. Ilitoka kama mtu aliyekuwa amelala vizuri. Mke akashuka kutoka kwenye tuta.

"Inawaka?" akamwuliza mumewe.

"Bado."

Akapanda tena.

Fundi aliifungua, akaiosha kwa dizeli, akaianika vipande vipande juu ya turubai. Dalali alilala shambani, chini ya mgomba, mbali na nyumba kama heshima inavyotaka. Siku ilipowashwa ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikakohoa tena, kisha maji yakafika kwenye vitunguu, ya kwanza yakiwa na samaki mdogo. Mke alimrudisha samaki mtoni kwa kikombe, akaenda kukunja nguo zake.

Mama mkwe alikuwa bado na neno. Akaniita.

"Mwambie mkwe wangu, mashine isirudi pale ukingoni. Ikae juu ya hii boti, juu ya zile mbao, ifungwe kwa kamba. Mto ukipanda, nayo ipande. Hakutakuwa na haja ya kumsumbua siku ya mnada."

Sasa, mimi na dalali tulikuwa tumepatana juu ya boti ile. Nusu ilikuwa yangu, malipo ya kazi ya kuzama. Nilikusudia kuipeleka Pwani, nitafute wageni, nianze safari zangu mwenyewe za kuzamia. Nilikuwa nimeshaifikiria hadi rangi ya kuipaka. Mkwe hamnyimi mama mkwe, na mkewe alikuwa ameshafika mlangoni na kifurushi, amesimama, anasikiliza.

Dalali akauacha mto, akanigeukia mimi. Nilitazama kifurushi kile, nikatazama kikoi chake.

"Eeddo," nikasema, "mkwe wako anasema ni yako."

Niliondoka Garissa na mitungi miwili mitupu, ambayo askari wa kizuizini aliigonga, akasikia tofauti, akaniruhusu nipite. Mto ulipojaa tena nilikuwa mbali, nikifanya kazi ya kupaka rangi matangi. Dalali akanipigia simu.

"Walaal, mto umepanda."

"Na mashine?"

"Imepanda pia. Imekaa juu kama bibi harusi."

"Na mke?"

Nikasikia sufuria, na sauti ya mwanamke ikiuliza anaongea na nani.

"Yuko hapa," akasema. "Ngoja nimwambie ni wewe."