Alama nyekundu kwenye nyumba yetu ya Guangzhou

Jamani, nimelia kazini leo, hapa hapa West Bay, huku ughaibuni!

Mume wangu mtamu, aliyenioa juzi tu, amenitumia picha ya nyumba aliyotupangia Guangzhou, wilaya ya Yuexiu, katikati kabisa ya jiji.

Kichochoro cha zamani, nguo madirishani, maghorofa ya vioo kwa nyuma.

Na ukutani, alama kubwa nyekundu ya Kichina ndani ya duara. Nikajua ni pambo la maharusi!

Nikamwonyesha Mchina wetu wa mapokezi.

"Dada, pole. Hiyo maana yake nyumba inabomolewa. Wanajenga maghorofa mengine."

Nikampigia mume.

"Mpenzi, lakini hilo pambo ndilo lililonifanya niichukue nyumba!"

Nampenda, jamani, nampenda!

Ila kazi nimeacha, viza ya hapa inafutwa, na ndege ni kesho.

Niambieni, nashukia wapi?