Gogo la Tairi na Chumvi ya Baba

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa sare wala barua. Nilipewa gogo la mzeituni wa porini, limechongwa upande mmoja kama kabari, na kamba ya katani imepitishwa kwenye tundu lake. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza darasa la saba. Baba alinitembeza kwa miguu kutoka shambani kwetu hadi Karatu, akanisimamisha mbele ya Mzee Tluway, Dereva Mkuu wa malori ya mahindi, akasema, "Huyu ni Boay. Mfundishe kazi." Akageuka akaenda zake. Hakunishika hata bega.

Leo ukimfanyia mtoto hivyo, majirani watakuitia mwenyekiti wa kitongoji. Wajukuu zangu wanavushwa barabara kama vifaranga. Sisi tulichunga kwenye ukingo wa msitu wa tembo kabla hatujamaliza kung'oa meno ya utoto, na jioni waliouliziwa hali ni ng'ombe, si sisi. Naitamani miaka ile, sitawadanganya. Mtoto alijiona mtu.

Kazi yangu iliitwa utingo. Kupakia, kupakua, kujaza maji kwenye rejeta, kufunga turubai, hayo yote yalikuwamo, lakini kazi hasa ilikuwa lile gogo. Malori yetu yalikuwa makuukuu na breki zake za kuungaunga, maana ilikuwa miaka ya uhaba na vipuri havikupatikana. Mlimani utingo hakai ndani. Anasimama kwenye kipandio cha nyuma, gogo mkononi. Dereva akipiga honi mara moja, kaa tayari. Akipiga mara mbili, lori limeshindwa: unaruka na kusukumiza gogo nyuma ya tairi kabla lori halijashika kasi ya kurudi.

"Ukichelewa usinitafute," Mzee Tluway aliniambia. "Nitakuwa korongoni na abiria wote."

Masika ya mwaka ule tulipeleka mahindi Malambo. Juu ya magunia walipanda abiria, kama kawaida ya siku zile, na mmoja wao alikuwa Mama Naserian, mama wa Kimaasai aliyekuwa akirudi kwao na mtoto mchanga aliyetoka kutibiwa Karatu. Tulipita geti la Ngorongoro, tukaanza kupanda msituni kuelekea ukingo wa kreta. Ukungu ukatushukia mpaka nikawa sioni tena kichwa cha lori. Upande wangu ulikuwa ukuta wa mlima. Upande wa pili palikuwa hapana kitu.

Honi ikalia mara moja. Gia ikakwaruza, injini ikakohoa. Nikashusha mguu mmoja, na hapo nikasikia pumzi iliyokuwa si ya injini. Mbogo dume alikuwa amesimama chini ya ukuta wa mlima, hatua chache kutoka kwenye tairi langu. Alikuwa peke yake, mzee aliyetengwa na kundi, wa aina ambayo hata Wamaasai hawana utani nayo. Matope yamemkaukia kwenye pembe, macho kwangu.

Honi ikalia mara mbili.

Lori likaanza kurudi, taratibu. Nikatazama juu. Mama Naserian alikuwa amekwisha kumwona mbogo. Alimbana mtoto kifuani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Shuka polepole. Usimwangalie macho." Sikumlaumu yule mama kwa kunishusha kwa mbogo, alikuwa na mtoto wake wa kuokoa.

Nilishuka. Nikasukuma gogo, tairi likaligusa, vyote viwili vikateleza kwenye tope. Nikaketi chini, nikaegemeza mgongo kwenye jiwe la mtaro na kulikanyaga gogo kwa miguu yote miwili, na mbogo sasa alikuwa nyuma ya sikio langu. Nilisikia harufu yake. Mzee Tluway kule mbele, hajui hili wala lile, akapiga tena honi mara mbili kwa hasira. Mbogo akapiga kwato chini. Nilijikojolea, na naandika hivyo kwa sababu vijana mnapenda kudhani wazee wenu walikuwa majasiri. Lakini miguu sikuitoa. Lori likalalia gogo, likatetemeka, likasimama.

Kwa nini mbogo alituacha, sijui mpaka leo. Alipuliza pua, akapanda mlimani akivunja matawi.

Mzee Tluway alishuka na matusi yake tayari mdomoni. Akaziona alama za kwato kwenye tope, karibu na mahali nilipoketi.

"Mbona hukukimbia?"

"Ulipiga mara mbili, mzee."

Akavua koti lake la mvua akanivika. Mama Naserian alishuka, akanitemea mate kidogo kichwani, ndiyo baraka ya kwao. Kutoka pale mpaka ukingoni nilikaa ndani na dereva.

Tuliporudi Karatu baada ya siku kadhaa, nilimkuta baba ameketi kwenye baraza la duka, blanketi limelowa.

"Baba, unafanya nini hapa?"

"Nimekuja kununua chumvi."

Akanikagua kuanzia kichwani hadi miguuni, kama anavyomkagua ndama aliyelala porini, kisha akaondoka. Mwenye duka akanicheka. "Chumvi ipi? Sina chumvi tangu mwezi uliopita, na baba yako anajua. Kila siku anakuja kuuliza, namwambia hakuna, anakaa hapo anatazama barabara ya geti."

Baadaye nilipata leseni, nikaendesha Loliondo, nikarudi Ngorongoro. Huko alikuja Afisa Usafirishaji mmoja aliyetukusanya madereva akasema, "Kuanzia leo sitaki mtoto kwenye kipandio." Nikabisha, maana mdomo ninao. Nikamwambia, "Bwana Afisa, sisi tulikomalia hapo."

Akaniuliza, "Na wale ambao hawakurudi, nao walikomaa?"

Mmoja wao nilimjua, tulipiga naye mpira. Nilimchukia Afisa yule muda mrefu, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Sasa nimestaafu. Mwanangu Elia anaendesha gari la watalii, anashuka nalo kreta kila siku. Lina mikanda, lina redio ya mawasiliano, na breki zake ni za kuaminika. Mimi namcheka kwamba anaendesha kitanda. Lakini mvua ikinyesha huko juu, nyumbani hapakaliki.

Juzi alinikuta kwenye baraza la duka la barabarani, suruali imelowa mpaka magotini. Akasimamisha gari.

"Baba, na mvua yote hii, unafanya nini hapa?"

Siku hizi chumvi imejaa kila duka. "Nimekuja kununua chumvi," nikamjibu, na ili asinidhanie vibaya nikanunua kweli pakiti moja. Mama yake analalamika kwamba kabatini hapana tena pa kuziweka.