Wiki Kumi na Mbili Ndani ya Plasta

Pale mgongo unapokutana na mifupa ya nyonga kuna kiungo kimoja kila upande. Weka kiganja nyuma, chini kidogo ya kiuno, hapo ndipo. Hakitakiwi kucheza. Changu cha kushoto kililegea nilipomzaa mwanangu wa pili, miaka michache kabla ya Uhuru, na tangu hapo sikuweza kupalilia hata mstari mmoja wa pamba bila kukaa chini.

Daktari wa hospitali ya misheni, juu ya kilima kinachotazama ziwa, alinieleza kwa vipande viwili vya muhogo. Angekwangua kiungo, apachike katikati kipande cha mfupa wangu mwenyewe, na baadaye ile mifupa ingeshikana ikawa mfupa mmoja. Lakini mfupa hushikana ukitulia. Ningelala wiki kumi na mbili ndani ya plasta, kutoka kifuani hadi gotini, na nisijigeuze mwenyewe hata mara moja. Mfupa ukiachana, alisema, sitakupasua mara ya pili.

Mama wa kitanda cha jirani, aliyevunjika mguu, aliniita gogo. Kila asubuhi aliuliza, "Gogo, umeamkaje? Mchwa hawajafika?" Nilikuwa nacheka kwa shingo tu.

Wiki ya saba baba mkwe alikuja kunitazama, kwa miguu kutoka Buswelu. Kwetu mkamwana hamsalimii baba mkwe akiwa amelala. Hupiga magoti, macho chini. Nilifundishwa hivyo kabla sijajua kusuka nywele. Nilipoiona kofia yake mlangoni sikufikiri. Nilishika ukingo wa kitanda, nikajivuta, nikageuka ubavu. Ndani ya kiuno kitu kililia kama ukuni mkavu unapovunjika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Lala, mwanangu, lala," alisema, uso ameuelekeza dirishani ili asinione nilivyo.

Jirani yangu hakutania. Alimwita nesi. Plasta ilikuwa na ufa. Wakaongeza tabaka jingine, wakasema tusubiri. Kwa wiki tano nilikisikiliza kiuno changu bila kujua kama kinaunga au kimeacha, na sikuwa na la kufanya. Kama wewe unalala hivyo leo, mwombe nesi mapema awapokee wageni unaowaheshimu na kuwapa salamu zako kabla hawajaingia. Si utovu wa adabu. Mimi sikupata wa kuniambia.

Plasta ilipokatwa, picha ya eksirei ilionyesha mstari mweusi kati ya mifupa. Haikuwa imeshika. Daktari aliuliza kama niliwahi kujigeuza. Nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini, nikasema nilikuwa na mgeni.

Baba mkwe aliwaambia watu wote kuwa yule daktari hakujua kazi. Alilirudia hilo kila aliponikuta nimekaa pembeni mwa shamba, wenzangu wakipalilia. Alikuwa akinionea huruma kwa dhati, na ndiye mtu pekee ambaye nisingeweza kumwambia kilichotokea.

"Walikuharibu, mwanangu," alikuwa akisema.

"Ndiyo, baba."