Mgombea wa Urais na Mbuzi Wangu Watatu

Mama alitoa amri moja tu siku ya ntheo yangu: mtu asitaje siasa mpaka mbuzi wapokelewe. Aliisema mbele ya watu wote, lakini macho yake yalikuwa kwa baba.

Ntheo ni siku ambayo upande wa mwanamume huleta mbuzi watatu kwa wazazi wa msichana. Kabla ya hapo, kwetu Migwani, huku Kitui, wewe si mke wa mtu, hata kama mmeishi pamoja miaka minne na mna mtoto wa nasari, kama mimi. Wazazi wangu hawakuwa wamewahi kukanyaga nyumbani kwangu Makueni. Ningekufa, ningerudishwa kuzikwa kwa baba, na mume wangu angesimama kando na waombolezaji wengine. Nilikuwa nimechoka na hali hiyo. Nilitaka mbuzi wale wapokelewe kuliko nilivyowahi kutaka kitu kingine chochote.

Shida ilikuwa baba. Ni mwalimu mstaafu, na tangu astaafu kazi yake ni kukitafutia chama chetu mgombea wa urais. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Yeye na kaka yake mkubwa walikuwa wakikaa mbele ya buchari, lile duka la nyama, kila asubuhi wakipanga na kupangua: huyu ana watu lakini hana sauti, yule ana sauti lakini akiongea watu wanasinzia. Walibishana mpaka mwenye buchari akawaomba wasogee, wateja wapite. Kisha kaka yake akafariki. Kwa miaka miwili baba amekuwa akibishana na redio, na nilikuwa nikimhurumia kuliko nilivyokuwa tayari kumwambia.

Wageni walifika kabla ya saa sita. Msemaji wao alikuwa ami yake mume wangu, mzee mwembamba aliyefanya kazi katika idara ya maji maisha yake yote na ambaye hata kwenye joto lile hakuvua koti. Mbuzi walifungwa kwenye nguzo ya tangi la maji uani. Katika nyumba yetu ni baba wa msichana anayefungua kamba kwa mkono wake mwenyewe, na mpaka afanye hivyo mbuzi bado ni wa wageni.

Baba hakutaja siasa. Aliuliza tu, kwa upole wote, watu wa Makueni wanaonaje mambo. Jikoni, nilikokuwa nikichungulia dirishani, mama aliweka mwiko chini.

Ami akajibu kwamba kwao hakuna maswali, bendera ya chama itabebwa na daktari fulani wa kwao. Baba akasema Kitui nzima inamjua mama mmoja tu anayefaa, na ni wa kwetu.

"Huyo daktari wenu hata harusi hajawahi kualikwa nje ya Makueni," baba akasema.

"Na huyo mama yenu amehama vyama mara tatu," ami akajibu. "Anajua mlango wa kutokea kuliko wa kuingilia."

Basi, wakaanza. Saa nzima ikapita. Muthokoi, ule mchanganyiko wetu wa mahindi na maharagwe, ukapoa sufuriani. Baba akapandisha sauti, akagonga meza, akasimama, akaketi. Mimi naijua sauti ile. Ndiyo aliyokuwa nayo mbele ya buchari, na nilikuwa sijaisikia miaka miwili. Lakini wageni hawakujua. Waliona mzee anawafokea, na mbuzi wao bado wako juani, wakaelewa kama ambavyo mtu yeyote mwenye heshima zake angeelewa. Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake.

Ami akainuka, akafunga vifungo vya koti. Alisema polepole kwamba kama nyumba hii haiwataki ingewaambia mapema, hakukuwa na haja ya makelele. Kisha akaenda kwenye tangi, akaishika kamba.

Bibi harusi hatakiwi kutoka jikoni na kutokea uani mpaka aitwe. Nilitokea. Nilikuwa na hasira.

"Baba, waambie."

"Niwaambie nini?" Alishangaa kweli, maskini. Alidhani siku inaenda vizuri.

"Waambie umefurahi."

Akaniangalia, akaangalia zile nyuso, na nikaona anaelewa. Alitembea mpaka kwenye tangi, akaweka mkono wake juu ya mkono wa ami, pale pale kwenye kamba.

"Tangu nizike ndugu yangu hakuna mtu amenijibu," alisema. "Ukienda na hizi mbuzi, mimi nitabishana na nani?"

Ami aliiachilia kamba. Baba akalifungua lile fundo, vidole vyake vya uzee vikihangaika, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Tangu wafike alikuwa akimwita ami mgeni. Sasa akamwita muthoni, ambalo ni neno letu la mkwe.

"Rudi uketi, muthoni. Na huyo daktari sijamaliza naye."

Mama alikuwa ameshaanza kupasha muthokoi moto. Mimi nilisimama uani na aproni yangu, nikilia mbele ya watu wa kwetu na watu wa kwao, mke wa mtu.