Samadi ya Mama, Sifa za Baba

Baba yangu alikufa miaka mingi iliyopita, na bado nina hasira naye.

Kwetu mlimani Meru ng'ombe walilala nasi ndani ya nyumba, sisi upande huu, wao upande ule, wakiletewa majani. Wanawake ndio waliokata majani hayo, na wanawake ndio waliozoa kinyesi. Mama alikichanganya na majani makavu ya migomba, akakirundika nyuma ya nyumba, akakifunika, akawa anakigeuza mara kwa mara. Alitia mkono ndani ya lundo mpaka kwenye kiwiko. Likiwa bado lina moto, aliliacha. Likiisha kupoa, likawa jeusi na kunukia udongo, ndipo samadi ilipokwenda migombani. Nyingine aliiloweka kwenye chungu kilichovunjika mdomo, na maji yake akayanywesha machipukizi. Migomba ile ndiyo iliyotulisha.

Kisha Mdachi mmoja akachukua ardhi huko chini, karibu na mto Usa, akapanda kahawa. Nyapara wake akapita nyumba kwa nyumba akidai samadi. Anayekataa, kiboko.

Majirani hawakuhitaji kikao. Walitoa mbichi, ya asubuhi hiyo hiyo, ikiwa bado inafuka. Mama naye akamsihi baba.

"Baba watoto, toa hii mbichi ya mlangoni. Mzungu hajui kitu."

"Niaibike? Watu waseme nyumba yangu haina samadi ya maana?"

Nyumba yake! Mtu ambaye hakuwahi kushika kinyesi hata kwa jani. Akalifunua lundo la mama, kazi ya mwaka mzima, akatubebesha mama na mimi mpaka shambani kwa Mdachi. Yeye alitangulia mbele na fimbo yake.

Miche iliyotiwa samadi mbichi iliungua. Mdachi akaulaumu udongo, na majirani wakamwitikia kwa adabu zote kwamba kweli, bwana, udongo wa pale ni mbaya. Miche iliyotiwa samadi yetu ilishika na kustawi. Nyapara hakuwa mjinga. Msimu uliofuata aliwapita wote, akaja kwetu moja kwa moja na kuchukua lundo lote. Msimu wa baadaye vivyo hivyo. Migomba yetu ikadhoofu, ikazaa vimikungu vya kutia aibu, na mama akaanza kwenda kuomba ndizi kwa majirani wale wale waliotoa mbichi. Walimpa. Walimpa huku wakimwonea huruma, na hilo lilimuuma kuliko njaa.

Siku moja Mdachi alimwita baba mbele ya vibarua, akamshika bega, akasema huyu ndiye mtu anayejua samadi. Baba alirudi nyumbani anacheka peke yake. Alitusimulia mara mbili, neno kwa neno, na mama alimsikiliza huku akimmenyea ndizi za kuomba.